Mwenye Mashine Peke Yake

Kahawa ikishachumwa haisubiri. Lazima imenywe siku hiyo hiyo, la sivyo inachacha na bei inakufa. Ketrina wa Mbozi alilijua hilo.

Mashine ya kumenyea ilikuwa moja tu kijijini, ya Yesaya. Kila madebe matatu, Yesaya alichukua moja kama malipo.

"Unatuumiza, Mzee Yesaya," Ketrina alimwambia siku moja.

"Basi menya kwa meno! Ukilalamika tena, hutakanyaga hapa."

Ketrina akanywea. Angefanyaje, jamani? Mjane, na ada ya mwanawe Goodness inatoka kwenye kahawa hiyo hiyo.

Jirani yake Irene alikuwa afisa ushirika kule Vwawa. Wakiwa wanapukuchua mahindi, Ketrina alimweleza kwa kunong'ona, kana kwamba Yesaya amejificha nyuma ya gunia.

"Huo ni ukiritimba," Irene alisema. "Mtu mmoja anashika huduma yote, wengine hamna pa kwenda, anapanga bei atakavyo."

"Kwani kuwa na mashine ni kosa?"

"Kuwa peke yako tu si kosa. Lakini ile mashine ya Anania iko wapi?"

Ketrina akashtuka. Mwaka jana Anania alileta mashine yake. Yesaya akainunua kwa bei kubwa, na kijiji kizima kikampongeza Anania kwa bahati. Sasa ilikuwa inaota kutu kwa Yesaya, chini ya turubai.

"Mungu wangu! Aliinunua ili isifanye kazi!"

"Ee! Kuwazibia wengine njia makusudi, hapo ndipo sheria inapokataza. Nitawasaidia kupeleka malalamiko. Ila kahawa haingoji barua. Changeni mnunue mashine ya mkono."

"Na ikiharibika? Yesaya si atanifukuza?" Ketrina aliuliza.

"Ukiritimba unalishwa na woga wenu, dada."

Kaya tisa zikachanga. Mashine ikafungwa uani kwa Ketrina. Lakini siku ya kwanza hakuna aliyethubutu kutangulia, maana Yesaya alisimama pale barabarani, mikono nyuma, anawatazama mmoja mmoja.

Ketrina akashika mpini. Akazungusha. Maganda yakatoka huku, punje safi kule.

Yesaya akasogea. "Mama Goodness, tusifike huko. Rudini kwangu. Nitachukua debe moja kwa kumi."



"Moja kwa kumi?" Woga ulimtoka Ketrina, ikabaki hasira. "Kumbe miaka yote hii uliweza?"

Ketrina akamimina debe la pili.