Pingu Mbili Ghalani Milanzi

"Maji yamechafuka. Kayachote Milanzi."

Amri hiyo ya fumbo, kutoka kwa bosi wake Ambwene, ilimfikia jasusi Epifania saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu alikuwa amefungwa pingu mkono mmoja kwenye nguzo ya chuma, ndani ya ghala la mahindi kijijini Milanzi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kwa ndani.

Bastola yake, Glock, ilikuwa sakafuni, hatua kumi mbele.

Profesa Lenz, mgeni aliyejidai kuja Ufipa kukusanya hadithi za uumbaji, ndiye aliyemnasa; sasa alitawanya vidonge vya sumu ya kufukizia wadudu juu ya magunia yenye unyevu. Gesi ilianza kunuka kama kitunguu saumu.

"Nimezisoma zote," alisema. "Babeli, Misri, hata za hapa. Mwanzo ni vurugu. Kisha anatokea mmoja, analeta utaratibu, anaabudiwa. Saa tano kijana wangu Suma atalipua soko la Namanyere. Watu watalilia utaratibu. Nitawapa mimi."

Sokoni Namanyere, muda huo, mama yake Epifania alikuwa akipima ulezi.

"Za hapa umezisoma vibaya," Epifania alijibu. "Wazee wanasema mtu wa kwanza alishuka toka juu, akaanzisha makao yenye utaratibu. Wageni walikuja baadaye."

Lenz alicheka, akapita karibu yake kuchukua barakoa ya gesi.

Kosa.

Epifania alichomoa pingu ya akiba kwenye buti. Kifundo cha mguu wa Lenz kikanasa kwenye nguzo ileile. Teke moja, barakoa ikaruka. Akampokonya simu. Funguo za pingu na za mlango akazirusha ndani ya lundo la mahindi.

"Utakufa na wewe," Lenz alisema.

"Najua. Mwambie Suma asilipue, ageuze arudi. Kabla ya hapo simwiti mtu wa kuvunja mlango."

Dakika zilikwenda. Kifua kilimbana Epifania, macho yakamchuruzika. Aliogopa, ila simu hakuiachia.

Lenz akatapika.

"Piga," alinong'ona.

Epifania akaitafuta namba ya Suma, akapiga, akamwekea simu karibu na mdomo.

"Suma. Acha. Geuza."

"Mkuu, nimeshafika sokoni."

"Geuza, nimesema."

"Sawa, mkuu."

Epifania akapiga namba nyingine. "Ambwene, vunja mlango wa ghala. Suma anatoka Namanyere na bomu."

"Nimekupata. Uko salama?"

"Vunja mlango kwanza."

Dakika chache baadaye mlango ukaanguka. Upepo baridi ukaingia. Vijana wa Ambwene wakakata pingu, wakamburura Lenz nje. Taarifa ikaja: Suma amekamatwa, bomu limeteguliwa.

Epifania aliokota Glock, akaifuta vumbi.

"Panda gari, twende hospitali," Ambwene alisema.

"Nitawakuta huko. Nimechoka kukaa ndani."

Akashika njia ya hospitali mjini, kwa miguu, akivuta hewa safi.