Pumzi ya Shaibu

Pumzi ilitoka kabatini, na paka alikuwa mapajani. Mpiga pasi alikuwa ameketi kando ya meza yake ya kazi alasiri ile, kiganja juu ya mbavu za Shaibu, akisikiliza anavyohema usingizini kama daktari wa wanyama alivyomfundisha: pumzi zikianza kwenda mbio, mlete haraka. Shaibu alivuta. Kabati nalo likavuta. Shaibu akatoa. Kabati likatoa, kwa uvivu, kama mtu aliyeshiba.

"Panya," alijiambia, ingawa alijua fika kwamba hakuna panya anayehema hivyo.

Shaibu alikuwa paka mzee, moyo umemvimba, mapafu yakijaa maji kila akikosa dawa. Asubuhi kidonge cha moyo, jioni cha kumpunguza maji, vyote vikifichwa ndani ya nyama ya kusaga, na bado mara nyingine alikula nyama akakitema kidonge kwa dharau ya mstaafu aliyewahi kuwa na cheo. Kwa ajili yake mpiga pasi aliacha pasi ya mkaa akanunua ya umeme, kwa kuwa moshi kidogo tu ulimfanya atanue mdomo akitafuta hewa. Majirani walimcheka. Aliwajibu kuwa kipenda roho hula nyama mbichi.

Tangu alasiri ile Shaibu akazidi kudhoofu. Dawa zilikuwa zilezile, nyama ileile, lakini kila kabati lilipovuta pumzi ndefu, ya kwake ilikatika. Ikaja na harufu, ya nguo iliyokunjwa mbichi ikavunda. Mkwe wa mpiga pasi, mke wa mwanawe, ndiye aliyeifuata harufu ile akafungua kabati, akarudi kinyumenyume mkono mdomoni.

"Mama," alinong'ona, "lile koti jeusi la yule mteja asiyerudi... kifua chake kinapanda na kushuka."

"Funga kabati."

"Mama, halina mtu ndani!"

"Nimeona. Funga, na usipige kelele, utamshtua mgonjwa."

Kesho yake mkwe alimleta mganga. Mganga alisikiliza mlango wa kabati kwa sikio, akatoa ubani na chetezo mfukoni, uso umemkauka.

"Jini huyu hana pumzi yake mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa penye mgonjwa, akanywa ya mgonjwa mpaka iishe. Ikiisha ya paka, atageukia zenu. Tufukize chumba kizima, na paka abaki humuhumu, maana yeye ndiye aliyeshikwa. Mkimtoa, jini atatoka naye, halafu atarudi naye."

"Moshi utamuua."

"Ni paka, mama. Ameshaishi."

"Ameshaishi, na bado anaishi." Hasira ilimpanda mpiga pasi mpaka masikio yakamwasha. "Rudisha chetezo chako mfukoni."

"Bila moshi mimi sina dawa."

"Basi keti utazame. Hilo ni koti, na makoti ni kazi yangu."

Alichomeka pasi, akaiweka kwenye moto wa mwisho. Koti lilikuwa zito kama mtu aliyezimia, na alipolilaza mezani kifua chake kikaanza kwenda mbio, harufu ikajaa chumba, na nyuma yake Shaibu akatanua mdomo, akavuta asipate, ulimi ukigeuka rangi ya majivu, na mpiga pasi akaogopa, akaogopa kwelikweli, lakini hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka kumbembeleza atakuwa anamuaga, basi akanyunyiza maji, akaishusha pasi kwenye pindo na kupanda nayo taratibu, kama apigavyo nguo ya mteja yeyote, akiisukuma ile pumzi kutoka tumboni kwenda kifuani, kutoka kifuani kwenda shingoni, huku mkono mtupu wa koti ukiinuka na kumshika kiwiko kwa ubaridi uliomfika mfupani.

"Niache," sauti nyembamba ilisema kutoka kwenye kola. "Huyu atakufa tu."

"Atakufa," alijibu, akizidi kukandamiza. "Kwa moyo wake mwenyewe, siku yake ikifika, hapa mapajani pangu. Si kwa kunyonywa na mdoezi kama wewe."

Mkono ule ulimvuta kwa nguvu. Pasi ikayumba. Ndipo mkwe, aliyekuwa amejibanza ukutani akilia, akaja mbio, akaudaka ule mkono na kuulaza mezani kwa uzito wake wote.

"Piga, mama!" alifoka. "Piga!"

Mpiga pasi akapiga hadi kwenye kola. Mvuke ukatoka kwa mlio mrefu, ukapita juu ya vichwa vyao, na Shaibu akavuta pumzi moja kubwa, halafu nyingine, ulimi ukarudi kuwa mwekundu. Kilichobaki cha yule jini kilizunguka chumba kikitafuta pa kuingia. Mganga, bila kuambiwa, akafungua mlango wa nje wazi, akajificha nyuma yake, nacho kikatoka.

Koti likalala mezani, bapa, nguo tu. Sauti ikasikika kutoka nje, karibu kabisa na kizingiti.

"Siku yake ikifika, nitarudi."

Mkwe akamshika mama mkwe bega. Mpiga pasi alimwinua Shaibu, akamweka kifuani, akasogea mpaka mlangoni.

"Njoo," alisema. "Utanikuta hapahapa, na pasi itakuwa na moto."