Mzee Kaniamkia

"Mlete hai."

Maneno mawili tu, kisha simu ikakatika.

Lucy Ngoitiko aliitazama ile simu kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Hai! Bosi wake, Editha, alikuwa Dar es Salaam ofisini, mbele ya kiyoyozi, na ukiwa mbele ya kiyoyozi ni rahisi sana kuwahurumia wauaji. Lucy alikuwa stendi ya Mikumi, jua linamchoma utosini, na hakuja kumleta mtu hai.

Alikuja kuua.

Kwa macho ya watu alikuwa mtalii wa ndani: mama aliyeshavuka arobaini, kofia kichwani, buti za Salomon miguuni, anakwenda kutembelea Ziwa Lukando, lile ziwa dogo lililojificha juu ya milima ya Kidete. Ndani ya begi, chini ya khanga na chupa ya maji, ililala bastola, Glock 19. Pembeni yake kulikuwa na pawabenki nyeusi ambayo haijawahi kuchaji simu ya mtu. Ukiibonyeza, mawimbi yote ya simu na rimoti za karibu yanakufa.

Aliyekuwa akimsaka aliitwa Mzee. Sura yake hakuna aliyeijua.

Mabwana waliomtuma walikuwa ng'ambo, na walitaka reli ikatike ili mizigo ya watu ipitie kwao. Kituo, yaani idara ya ujasusi ya kina Lucy, kilikuwa kimenasa mazungumzo yao. Leo Mzee angepanda basi Mikumi, apande mlima, alipue ukingo wa ziwa wakati treni ya abiria iko bondeni. Maji yangeshuka na mto Mkondoa, yazoe reli, treni na nyumba za Kidete. Baruti ilikwishafukiwa. Wapi hasa, alijua Mzee peke yake, kwa hiyo ilibidi aachwe afike.

Na Mzee huyohuyo ndiye aliyemuua Octavian.

Octavian, mwenye mvi zake na utani usiokwisha, ndiye aliyemfundisha Lucy kazi. Kiangazi kilichopita alikutwa kando ya ziwa hilo ana jeraha la kisu mgongoni. Kabla redio yake haijanyamaza ilitoa maneno mawili. Kituo waliandika, "Mzee kanivamia." Lucy alikuwa amevaa spika za masikioni siku hiyo, na aliapa kwamba alisikia "kaniamkia." Wakamwambia ni majonzi. Mtu anayechomwa kisu kavamiwa, nani atamwamkia? Lakini neno lile lilimkaa kooni mithili ya mwiba wa samaki.

Basi la Kilosa likaondoka.

Wazee ndani ya basi walikuwa wawili. Wa kwanza, ambaye kondakta alimwita Mzee Urbanus, alikuwa na upara na sanduku la mbao alilolikumbatia kwa mikono yote. Kondakta alitaka kuliweka nyuma, mzee akawa mkali. Wa pili alivaa kanzu na balaghashia, ndevu nyeupe hadi kifuani, fimbo mkononi, na kikohozi cha kutia huruma.

Lucy akalitazama sanduku. Mkono wake ukazama ndani ya begi.

Kilangali akapanda mama mmoja mwenye kapu la mchele, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mvi. Viti vilikuwa vimejaa. Yule wa kanzu akasimama upesi, kabla hata kondakta hajasema.

"Shikamoo mama. Kaa hapa."

Mama akaduwaa, kisha akacheka mpaka kapu likamtoka mkononi.

"Makubwa haya! Baba, mimi ndiye wa kukuamkia wewe! Shikamoo!"

"Mara... marahaba, mwanangu." Akakohoa sana.

Basi zima likaangua kicheko. Lucy hakucheka.

Kaniamkia.

Mwiba ukatoka. Mtu anaweza kubandika ndevu, akakunja mgongo na kukohoa kama mgonjwa. Lakini kama mama yake alimlea vizuri, akamchapa makofi kila alipompita mtu mzima bila salamu, akikutana na mvi za kweli ghafla mdomo unamtangulia. Huyu alikuwa kijana. Alimwamkia Octavian njiani, na Octavian akaelewa. Akawahi kusema maneno mawili.

Mapajani pa Mzee Urbanus, sanduku likaanza kulia. Vifaranga! Lucy akautoa mkono kwenye begi, na aibu ilimshika kweli, maana bado kidogo angemfyatulia risasi mfuga kuku.

Kilosa, wakati abiria wa Kidete wakibadilisha gari, alipiga simu.

"Nimempata. Ni kijana."

"Kijana? Mzee?" Editha aliuliza.

"Ndevu za dukani."

"Hai, Lucy. Nataka majina ya mabwana zake."

Lucy akakata.

Kidete yule mtu alishuka polepole, akaipita nyumba ya mwisho akichechemea, akaingia vichakani. Huko uzee ukamwisha. Aliunyoosha mgongo, akaikunja kanzu kiunoni, akapanda mlima kwa mbio.

Lucy hakumfukuza. Baba yake alichunga ng'ombe kwenye milima hii, na yeye alipokuwa mdogo alitembea nyuma ya mikia ya ng'ombe mpaka akaijua. Njia ya watu inapanda, inashuka korongoni, inapanda tena. Ng'ombe hana haraka hiyo ya kijinga. Yeye anazunguka ubavuni pa mlima, mahali tambarare, na maji anayafikia bila kuhema. Akaifuata njia ya ng'ombe, mavi makavu yakivunjika chini ya buti, chuki ikimsukuma mgongoni.

Alifika kwanza.

Ziwa lilikuwa limetulia, la kijani, limezungukwa na matete. Upande wa bondeni lilizuiwa na ukingo wa udongo na mawe. Lucy akajilaza kwenye matete, mita chache kutoka pale alipookotwa Octavian, akaibonyeza pawabenki. Taa nyekundu ikawaka.

Kijana akatokea, anahema, ndevu zinaning'inia shavu moja. Akazing'oa, akazitupa. Akachutama juu ya mwamba kando ya ukingo, akaondoa jiwe, akakagua nyaya zilizofichwa chini yake. Akarudi nyuma na rimoti ndogo mkononi, akasubiri.

Chini bondeni treni ikapiga honi.

Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, akaipiga rimoti kwenye goti kama mtu anayehangaika na redio mbovu.

"Imekufa hiyo," Lucy alisema akiinuka. "Tupa chini."

Kijana aligeuka na kisu. Alikuwa mwepesi, lakini Glock ni nyepesi zaidi. Risasi ikampasua bega, kisu kikazama majini, naye akaanguka chali. Lucy akamkanyaga kifua, akaelekeza mtutu katikati ya nyusi zake. Sura ilikuwa ya kawaida kabisa, hata nzuri. Alizidi kumchukia kwa hilo.

"Yule mzee wa mvi uliyemchoma kisu hapa. Ulimwamkia."

Kijana akatikisa kichwa kukubali.

"Aliitikia?"

"Aliitikia." Akayatupa macho ziwani. "Alisema, marahaba mwanangu, pole na mlima."

Lucy alihisi macho yanamuuma. Huyo ndiye Octavian. Hata muuaji wake alipewa pole. Kidole kikakaza kwenye kifyatulio, kikakaza tena, na duniani hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Honi ililia tena, mbali kidogo. Treni ilikuwa imelivuka bonde salama.

Akakilegeza kidole. Haikuwa huruma, na msimsingizie. Kifo kingemaliza kila kitu pale pale, na yeye alitaka jambo refu zaidi.

Akamfunga pingu, akamfunga bega kwa khanga asije akafa, akazichomoa nyaya zote chini ya jiwe. Alipoizima pawabenki, simu yake ikaita, akapokea.

"Lucy! Jibu!"

"Yuko hai. Tumeni watu wa mabomu na polisi. Na kumbukumbu za Octavian zirekebishwe. Hakusema kanivamia. Alisema kaniamkia."

"Tutarekebisha," Editha alisema taratibu. "Tusamehe."

Polisi wa Kidete walipofika wakihema, Lucy aliziokota zile ndevu, akazikung'uta udongo, akazisokomeza mfukoni mwa kijana.

"Tunza. Unakokwenda utakaa mpaka zikuote zenyewe."

Kijana akaanza kulia. Alimtazama yule mama aliyemzidi umri, na mdomo ule uliolelewa vizuri ukamtangulia tena.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Shikamoo."

Lucy akavaa begi, akarekebisha kofia yake, akaifuata njia ya ng'ombe kuteremka. Salamu ile hakuiitikia.