Kifundo cha Radi

Kila jioni baada ya mazoezi, Radi alipitia kwenye kibanda cha kaka yake kinyozi ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo la utani alilipata uwanjani kwa sababu ya kasi yake. Wateja wa kaka yake, ambao wengi hawakuwahi kugusa mpira wa kikapu, walikuwa wataalamu wakubwa wa mchezo huo. Runinga ikionyesha mastaa wa kulipwa, walimlinganisha nao huku mashavu yamejaa povu la sabuni.

"Kasi anayo kama yule wa jezi nyekundu," alisema mmoja.

"Kasi tu? Kwa pasi, yule staa angekuja kufundishwa na binti huyu."

Radi alijifanya hasikii, lakini kichwa kilimvimba. Jioni moja staa wa jezi nyekundu alifunga kikapu cha ushindi, kifundo cha mguu kikiwa na bandeji.

"Huyo ndiye mchezaji," kinyozi alisema. "Maumivu kayameza."

Wiki ya fainali ya shule, Radi aliteguka kifundo akishuka ngazi za darasani. Aliogopa sana, maana wateuzi wa timu ya vijana wangekuwepo. Akakifunga kwa vitambaa, akavuta soksi juu.

"Mbona unachechemea?" kocha alimuuliza.

"Kiatu kinabana, mwalimu."

Siku ya fainali alianza vizuri. Kufikia robo ya tatu kila hatua ilimchoma, na pasi zake zikaanza kuangukia mikononi mwa wapinzani. Pointi walizokuwa wakiongoza zikayeyuka. Kocha akaomba mapumziko mafupi.

Kidoti, rafiki yake aliyekaa benchi kama mchezaji wa akiba wa nafasi yake, alimsogelea. "Mwambie mwalimu. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Ukithubutu, urafiki wetu basi," Radi alimjibu kwa hasira.

Jukwaani, kinyozi na wateja wake waliimba jina lake. Filimbi ikalia. Radi alisimama, akakanyaga, na mguu ukakataa kumbeba. Alimwona kocha akimtazama.

"Mwalimu, si kiatu," alisema. "Nimeteguka. Nilikudanganya."

Kocha hakugomba. Alimwingiza Kidoti, kisha akafungua vile vitambaa. Mguu ulikuwa umevimba na kuvilia damu. Kinyozi alishuka mbio kutoka jukwaani.

"Umevimba hivi na ukanyamaza?"

"Si ulisema mchezaji ni yule anayemeza maumivu, kaka?"

Kinyozi aliinama, akamsaidia kuuinua mguu juu ya benchi.

Kidoti hakuwa na kasi, ila hakupoteza mpira ovyo. Walishinda kwa kikapu kimoja, na wateuzi wakamchagua yeye. Radi alimpigia makofi huku analia, kwa furaha na kwa wivu pia.

Kwenye zahanati, daktari alisema kama Radi angeendelea kucheza, kano zingekatika. Kocha alingoja mpaka daktari alipomaliza kumfunga Radi bandeji.

"Staa yule anapimwa na daktari kabla hajaingia uwanjani na akishatoka," alisema. "Wewe, mwanangu, una mdomo wako tu. Ukiufunga, hakuna mtu mzima anayeweza kukusaidia."

"Lakini nafasi nimeikosa, mwalimu."

"Umeikosa ya mwaka huu. Mwakani wateuzi watarudi, na kwa kuwa leo umesema kweli, utakuwa na mguu wa kuchezea."