CD ya Matanga ya Rubens

Agathe, jirani yetu wa kule mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, alikuwa na kazi ambayo vijana wengi waliiona imepitwa na wakati. Alichoma picha kwenye CD. Walimcheka kidogo, wakimwambia siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Lakini simu za Kalemie zinaibiwa sokoni, zinadumbukia ziwani, na mtu hubaki hana hata picha moja ya harusi yake. Kwa hiyo watu walikuja: maharusi, waimbaji wa kwaya, wazazi wa watoto waliopata komunyo. Agathe aliwaketisha sebuleni, mbele ya kompyuta yake nene ya zamani iliyokaa juu ya meza ya kulia chakula, wakasubiri pamoja umeme uache kuchezacheza.

Mama Cécile alifika asubuhi ya Ijumaa, jua likiwa zuri, amevaa kitenge cheusi. Mwanawe Rubens alikuwa amezama ziwani akitoka Zongwe na mzigo wa ndagala, wale dagaa wa ziwa. Mwili haukupatikana. Baba yake mdogo, Isidore, aliyekuwa naye katika mtumbwi wa injini, alisema wimbi liliwapindua. Yeye aliogelea mpaka ufukweni, akarudi mjini akilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa familia ilikuwa inajiandaa kuondoa matanga.

"Hii njo simu yake ya zamani," Mama Cécile alisema, akiifungua kutoka kwenye pindo la kitenge. "Siku ile aliiacha ku nyumba, ndani ya chaji. Unichomee picha zote, mama. Kesho watu watakuja, tutazitazama kwa televizyo, tumulie muzuri, tumuache aende."

Agathe aliipokea kwa mikono miwili. Alimjua Rubens. Picha za ndoa yake na Elodie zilichomwa juu ya meza ileile.

Mama Cécile alipoondoka, Agathe aliunganisha simu na kompyuta, akazitazama picha moja moja. Rubens mbele ya kanisa la Mpala. Rubens ameinua samaki, sangala mkubwa, mkia unamgusa goti. Elodie akisuka nywele, anacheka, amefunika uso kwa kiganja. Hazikuwa nyingi. Akaweka CD mpya, akabonyeza, mashine ikaanza kuzunguka na kuvuma kama kawaida yake.

CD ilitoka baridi. Hilo lilimshangaza, maana CD hutoka na joto. Akairudisha ndani aihakiki, kama alivyofanya siku zote kabla ya kumkabidhi mtu kazi yake. Picha zote zilikuwemo. Baada ya ile ya mwisho ilikuwepo nyingine, ambayo hakuinakili.

Maji matupu. Ya kijivu, na mwanga hafifu kwa juu.

Akatafuta kwenye simu. Haikuwepo. Akatafuta kwenye kompyuta. Haikuwepo. Akasema moyoni kwamba CD ni mbovu, akachukua nyingine, akachoma upya.

Ile ya pili nayo ilitoka baridi, na safari hii ilikuwa na unyevu pembeni. Maji ya kijivu yalikuwemo tena. Yakafuatwa na picha ya mtumbwi, Rubens ameketi mbele, mgongo wake unaonekana, anavuta wavu. Nyuma yake amesimama Isidore. Ameshika kasia kwa mikono miwili, juu, kama mtu anayepasua kuni.

Agathe aliitazama picha hiyo mpaka macho yakamuuma. Mtumbwini walikuwa wawili tu. Na simu ilikuwa nyumbani, kwenye chaji.

Nani alipiga?

Alichoma ya tatu. Hata yeye hakuweza kueleza baadaye kwa nini alifanya hivyo. Mikono ilienda yenyewe. Sebule ilianza kunuka matope na samaki. Picha zikafunguka. Kasia limeshuka. Kichwa cha Rubens kimepasuka juu ya jicho, na damu imesimama hewani kama shanga za mkufu uliokatika.

Hapo hodi ikapigwa.

Isidore aliingia kabla ya kukaribishwa. Shati lake lilikuwa safi, limepigwa pasi, ananukia sabuni. Alitabasamu.

"Mama Agathe. Nasikia shemeki ameleta simu ya mutoto wetu."

"Ndiyo, Papa Isidore."

"Nionyeshe picha."

Agathe alimfungulia zile za simu. Kanisa. Sangala. Elodie. Mabega ya Isidore yalishuka, akapumua. Kisha akaona CD tatu zimepangwa mezani, akaona na mkono wa Agathe ukinyooka kuzifunika.

"Na hizi?"

"Ni zilezile tu, papa."

"Weka."

Hakuweka. Isidore akamsukuma, akaitumbukiza mwenyewe ile ya juu. Agathe aliuona uso wake wakati picha ya kasia ilipofunguka. Haukushangaa kama uso wa mtu aliyesingiziwa. Ulikunjamana kwa hasira, kama wa mtu aliyeibiwa siri yake.

Alimshika nywele akamgongesha uso kwenye ukingo wa meza. Mara moja. Mara nyingine. Agathe alisikia jino likivunjika kabla hajasikia maumivu. Alipoanguka, Isidore alimpiga teke la mbavu, akazichukua CD na kuzivunja moja moja kwa goti lake, vipande vikaruka mpaka dirishani. Simu aliitia mfukoni. Kisha akachuchumaa karibu na sikio lake.

"Ukifungua kinywa," alinong'ona, "utaenda kumutafuta Rubens kule kwenye iko."

Akatoka. Agathe alimsikia akiwasalimu majirani barabarani, kwa heshima zote.

Alilala pale sakafuni, damu inamjaa mdomoni. Na akiwa bado amelala, alisikia mashine inazunguka.

Simu haikuwepo. CD haikuwepo ndani. Isidore aliitoa kwa mkono wake akaivunja. Kompyuta ilivuma, ikavuma, kidirisha chake kikafunguka polepole na kusukuma nje CD moja inayong'aa. Matone ya maji yalidondoka kutoka ukingoni mwake yakamwangukia Agathe shavuni.

Hakuthubutu kuifungua aone kilichomo.

Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi alikuwa na mawazo mawili. Aitupe mtoni Lukuga, akae kimya, abaki hai. Au aipeleke. Aliifunga kwenye leso, akajifunika kichwa kuficha uvimbe, akatoka. Darajani alisimama muda mrefu, leso mkononi, maji yanapita chini. Akamkumbuka Mama Cécile alivyosema: tumuache aende. Akavuka.

Nyumba ya Mama Cécile iko juu kilimani, mbali na ziwa, mahali ambapo hata mvua haitulii bali huteremka yote. Saa tisa mchana sebule ilikuwa imejaa. Wanawake mikekani, wanaume vitini, wengine wanachungulia dirishani. Isidore alikaa kiti cha mbele, kama mkubwa wa familia. Alipomwona Agathe mlangoni, alianza kuinuka.

"Mama Agathe! Nani amekupiga hivi?" Mama Cécile alilia.

"Nilianguka, mama." Hakumtazama Isidore. "Nimeleta CD."

"Iko mubaya ile," Isidore alisema upesi. "Itaharibu televizyo. Tuombe kwanza, picha tutazitazama siku ingine."

"Papa Isidore, wacha niuone uso wa bwana yangu," alisema Elodie, mjane wa Rubens, kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeweza kupinga neno hilo. Elodie aliichukua CD, akaifuta maji kwa kanga yake bila kuuliza yametoka wapi, akaiweka.

Kanisa la Mpala. Watu wakaanza kulia taratibu. Sangala. Mtu mmoja akacheka huku akilia. Elodie akisuka.

Maji ya kijivu.

Mtumbwi. Mgongo wa Rubens. Kasia juu.

Kilio kilikatika. Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumwelekea Isidore. Naye alikuwa wima, amenyoosha kidole kwenye televizyo, mdomo wazi.

"Ni uchawi," alisema. "Huyu mwanamuke ni mulo—"

Picha ikabadilika.

Paji la uso la Isidore likapasuka.

Hakuna aliyemgusa. Wote waliona. Ngozi juu ya jicho lake ilifunguka mpaka mfupa, na sauti ya mti kugonga kichwa ikasikika sebuleni, kavu, nzito. Alipiga magoti. Damu iliwarukia wanawake wa mbele, nao wakapiga mayowe, wakakimbilia mlangoni, na mlango ukawa mdogo.

Picha nyingine. Kasia mdomoni. Meno ya Isidore yalimwagika mkekani.

Hénoc, mdogo wake Rubens, kijana mwenye kifua kipana, alimkumbatia Isidore kutoka nyuma ili amkinge. Pigo lililofuata lilipita katikati ya Hénoc kama upepo baridi, likamvunja Isidore bega ndani ya mikono yake. Hénoc aliisikia mifupa hiyo ikisagika kifuani pake. Akamwachia.

"Rubens," Isidore alinong'ona, damu ikitoa mapovu. "Mutoto wangu. Niache. Ule mutumbwi ulikuwa wa kaka yangu, akakuachia wewe, nikautaka. Njo ile tu. Niache."

Mama Cécile alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakukimbia. Hakulia.

Kwenye televizyo, Rubens alikuwa sasa majini, vidole vyake vimeshika ukingo wa mtumbwi. Juu ya vidole, panga.

"Zima!" mtu alipiga kelele. "Zimeni!"

Agathe aling'oa waya ukutani. Televizyo haikuzima. Hénoc akanyakua kigoda akakivurumisha katikati ya kioo. Kioo kikasambaratika, moshi ukatoka, picha zikatoweka. Kwa pumzi moja kila mtu alidhani yamekwisha.

Vidole vinne vya mkono wa kulia wa Isidore vikaanguka sakafuni.

Hakupiga kelele. Hakuweza tena. Alama ya kamba ilikuwa inajichora shingoni mwake, mzunguko mmoja, kisha mwingine, nyama ikibonyea, macho yakitoka. Kichwa chake kilivutwa chini, kikagonga saruji, kikabaki pale kama kimefungwa jiwe. Miguu ikapigapiga. Puani na mdomoni yakaanza kutoka maji. Mengi. Ya kijivu, yana mchanga, yanatoka kwa nguvu kama bomba lililopasuka, na yalipomfikia Agathe miguuni yalikuwa baridi kupita maji yote aliyowahi kuyakanyaga.

Kisha miguu ikatulia.

Mama Cécile alimkaribia maiti, akainama, akamtazama usoni kwa muda. "Sasa aende," alisema. Haikujulikana alikuwa anamsema yupi.

Polisi walikuja, wakawahoji wote. Wote walisema jambo moja, nao wakaacha kuandika. Hospitalini daktari alisema mtu huyu alipigwa, akakatwa, kisha akazamishwa. Akauliza kama ilikuwa ufukweni. Aliambiwa kilimani, kwenye mkeka. Alivua miwani yake akaifuta. Siku chache baadaye wavuvi wa Zongwe walipandisha nyavu zao wakamkuta Rubens, kamba shingoni na jiwe, paji la uso limepasuka juu ya jicho. Akazikwa Mpala. Walioosha mwili walisema uso wake ulikuwa umetulia.

Agathe aliiuza kompyuta kwa vipuri. Siku hizi anauza vitambaa. Mbavu zilipona, jino halikurudi, na mlango wake haufungui mpaka aisikie sauti ya anayebisha.

Lakini mara mojamoja hupanda kilimani kumsalimu Elodie, anayekaa pale kwa Mama Cécile, na kuna kitu pale ambacho hakuna mtu amekieleza mpaka leo. Wiki ile ya maziko, Elodie alipokuwa anafagia sebule, aliona mstari ukutani. Umenyooka, wa rangi ya matope, unazunguka chumba chote, unapita hata nyuma ya kabati ambalo halijasogezwa miaka mingi. Ni mstari ambao maji ya ziwa huacha kwenye nyumba za chini yanapofurika. Umejaa magamba madogo ya ndagala. Waliusugua kwa sabuni. Waliupaka chokaa. Padri alikuja akanyunyizia maji ya baraka. Kila mara unarudi.

Mwanzoni ulikuwa unamfika Elodie kiunoni. Juzi Agathe alipokwenda, Elodie alimshika mkono, akampeleka mpaka ukutani, akasimama wima na kuegemeza mgongo wake.

Mstari ulikuwa umemfika kifuani. Na ukuta wote, kuanzia pale kushuka chini, ulikuwa umelowa.