Magunia Yaliyovimba Ghalani

Mwizi huyu alikuwa na adabu zake: kila gunia alilochukua aliliachia la badala. Magunia kumi na mawili ya zirkoni, mchanga mzito unaofanya vigae viwe vyeupe pe, yalikuwa yametoweka ghalani. Mahali pake palipangwa kumi na mawili ya mchanga wa kujengea.

"Umegunduaje?" Inspekta alimuuliza mwenye kiwanda cha vigae.

"Mnunuzi wa ng'ambo kachota sampuli asubuhi. Nimeadhirika, mama."

"Unauza malighafi yako mwenyewe?"

"Migodi ya zamani inaisha. Miaka miwili ujenzi ulidorora, zirkoni hakuna aliyeitaka. Sasa vigae vinatafutwa tena, na zirkoni ya dunia nzima haitoshi. Bei imepaa. Kuiuza kunalipa kuliko kuichoma. Mwezi ujao nafunga chumba cha vigae vyeupe."

Inspekta, mama wa makamo asiyejua papara, vijana wa kituoni wakimwita Bi Taratibu, akayazunguka magunia. Ya zirkoni yaliyobaki, kwa uzito wake, yalijaa nusu tu, yakiishia kiunoni. Haya ya bandia yalikuwa yamevimba, yamejaa hadi shingoni. Mwizi mwenye akili timamu si angejaza kwa macho, yafanane? Akaagiza yapimwe. La kwanza, kilo hamsini. La pili, hamsini. Yote hamsini kamili.

Alishajua anamtafuta mtu wa mizani.

"Nani hupima mizigo hapa?"

"Babu Mizani. Lakini huyo haibi hata msumari."

Walimkuta mzee huyo katika chumba cha vigae vyeupe, karibu na meza ya mkewe. Alisimama kabla hajaulizwa.

"Baba, zirkoni iko wapi?"

"Nyuma ya tanuri bovu. Haijatoka getini."

"Ungejaza kiunoni, nisingekushuku upesi hivi."

"Gunia limeandikwa hamsini, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja napima. Mkono ulikataa kupunja."

Inspekta nusura acheke. Akajikaza. "Ulikuwa unataka nini?"

"Mnunuzi akute mchanga, asuse, aende zake. Kisha niirudishe zirkoni, tuendelee kuichoma." Akamtazama mkewe, aliyekuwa akimimina rangi juu ya kigae kwa mkono usiotetemeka. "Ana ugonjwa wa kusahau. Nyumbani hanijui, ananiuliza nitaondoka lini. Hapa akishika kata ya rangi, ananijua. Kutwa nzima ananijua. Wakifunga chumba hiki, mimi nitampata wapi?"

Mwenye kiwanda akainamisha kichwa.

"Kuiba umeiba, baba," Inspekta alisema. "Lazima twende kituoni uandike maelezo."

"Najua."

Bibi akainua uso, akatabasamu. "Mume wangu, mbona umesimama tu? Nisogezee kigae kingine."

Mzee akasogeza.

"Zamu yake inaisha saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa kumi."

Akavuta stuli, akaketi kando ya ukuta. "Basi tutaondoka saa kumi."