Bega la Mpaka Dari

Tone la rangi nyeupe lilidondoka kwenye mkono wa gauni la njano, katikati ya duka la vitambaa lililofurika wateja. Mshonaji aliyelivaa akainua macho. Kijana aliyekuwa juu ya ngazi akipaka dari akasema, "Samahani, dada. Gauni bado linapendeza."

"Shuka ulifute, maneno baadaye."

Alishuka. Tangu hapo hawakuachana. Mshonaji akawa anamwita Bwana Dari.

Walikuwa wameshaposana kijana alipofanyiwa operesheni ya kidole tumbo. Kidonda kilipona vizuri, ila bega la kulia likaanza kuuma. Kule zahanati aliulizwa kazi yake.

"Napaka dari."

"Basi ni msuli huo," daktari akasema, akampa dawa ya kuchua.

Kila mtu alikubali, maana kila mtu alimjua akiwa na brashi juu ya kichwa. Mama yake akamchua kila jioni. Homa ikaja, wakasema ni uchovu. Akaacha kwenda kwa mchumba wake. Simu akawa hapokei.

Siku alipopokea, mshonaji alikuwa amejaa hasira.

"Kama umenichoka, sema."

"Bega tu, mpenzi."

"Simu inashikwa na bega? Mkono wa pili umemwazima nani?"

Kijana alikuwa akitafuta pumzi. Mshonaji akadhani anatafuta uongo.

Kesho yake mshonaji alikwenda kumrudishia pete. Alimkuta ameketi kitandani, kulala hawezi, shuka limelowa jasho. Pete akaisahau kiganjani.

"Mama, tumpeleke hospitali kubwa. Sasa hivi."

Daktari wa pale hakugusa bega. Alibonyeza chini ya mbavu, mgonjwa akaruka.

"Bega halina kosa," akasema. "Baada ya ile operesheni usaha ulibaki tumboni, umejikusanya juu ya ini. Ukiwa hapo, maumivu husikika begani. Tutautoa, ila tumechelewa."

Kwenye mlango wa chumba cha operesheni kijana alimshika mshonaji mkono.

"Nikitoka, tunaoana?"

"Toka kwanza."

"Jibu kwanza, mimi nina haraka."

"Tunaoana, Bwana Dari. Ushafurahi?"

Akacheka kidogo, akakohoa, wakamsukuma ndani.

Usaha ulitolewa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Hakuamka.

Msibani mshonaji alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni. Mama mtu akamwona. Akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki ubavuni mwake.

"Mpisheni mke wa mwanangu," akasema.

Wakampisha.